Poda ya Chini ya Macho

Mdogo wangu aliniomba kitu kimoja tu: siku ya kupokea mahari yake, mama asijue kwamba analia usiku. Baba alitutoka mwaka jana. Sasa yeye anaolewa Lubumbashi, mama anabaki peke yake katika nyumba yetu ya hapa mtaa wa Shituru. Akijua mtoto analia ataahirisha ndoa, na tulishaiahirisha mara moja.

Nikaenda sokoni. Krimu ya kuficha weusi wa chini ya macho tulikuwa nayo, ila bila poda juu yake hujikusanya kwenye mikunjo ya ngozi. Muuzaji akanionyesha poda mbili, laini kama unga wa muhogo. Moja ilikuwa ya manjano hafifu. Nyingine nyeupe, akaapa ukiipaka haina rangi.

"Kama haina rangi, mbona nyeupe?"

"Yaya," akaniita kwa heshima ya dada mkubwa, "weye unanunua ao unanipa mtihani?"

Mimi nikianza kuuliza sinyamazi. Nikazipaka zote mkononi, nikatoka juani, nikarudi kivulini. Nyeupe ilipotea kabisa, kama haijawahi kuwepo. Ilinishangaza, nikaichukua hiyo.

Asubuhi ya mahari nikamwambia mdogo wangu atazame juu. Nikaigandamiza poda kwa sponji, polepole, bila kusugua. Usione vyaelea, vimeundwa: alionekana amelala siku tatu. Nikampiga picha kwa simu, taa yake ikammulika.

Ajabu. Kwenye picha, poda isiyoonekana kwa macho ilikuwa imeng'aa kwa mwanga ule: chini ya kila jicho palikuwa na doa jeupe pe. Tulicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini, akaichukua simu.

Akaitazama sana. "Baba yenu," akasema.

Kweli. Hivyo ndivyo baba alivyorudi kutoka machimbo ya Kakontwe, vumbi la chokaa limemganda usoni, na mama akimpangusa chini ya macho kwa kidole gumba kabla hajala. Sasa akampangusa mtoto vivyo hivyo. Poda ikatoka pamoja na krimu, weusi wote ukabaki wazi. Mdogo wangu akainamisha kichwa. Nilimkasirikia yule muuzaji, nikajikasirikia na mimi.

Mama akavuta kiti karibu yangu, akaniinulia uso wake, na hapo nikaona macho yake yalivyozama.

"Miye pia silali," akasema. "Mmalize mdogo wako, kisha unipake na miye. Wageni wako njiani."