Okei ya Bibi wa Ziba

Kijana wa dirishani katika ofisi moja ya Tabora mjini ana neno moja la kazi: okei. Nilimsikiliza nikiwa kwenye benchi. Ukileta fomu, okei fupi, pita. Ukieleza shida, okei ndefu ya macho nusu, maana yake nyamaza. Bosi akipiga simu, okei tatu za haraka, huku mgongo umenyooka.

Akaja bibi mmoja kutoka Ziba kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Basi lake la kurudi lilikuwa saa nane.

“Shikamoo bibi,” kijana alisema, macho kwenye kompyuta.

“Marahaba. Nyumbani hawajambo?”

“Okei.”

“Wazazi wazima?”

“Okei. Leta karatasi.”

Bibi hakuleta. Huku kwetu mtu hatoi shida yake kabla salamu hazijaisha, na zake zilikuwa hazijafika hata nusu. “Na mvua je?”

“Bibi, naona huna haraka. Njoo kesho.”

“Okei,” akajibu bibi. Akatandika kanga palepale chini ya dirisha, akaketi, akanyoosha miguu.

Foleni nzima ikakwama nyuma yake. Kijana akainua macho kwa mara ya kwanza.

“Wazima, bibi,” akasema taratibu. “Ila mama anasumbuliwa na goti. Mvua ilinyesha juzi.”

“Pole yake. Goti la kulia au la kushoto?” akauliza bibi, huku akiinuka na kufungua pindo lenye karatasi.

Basi aliliwahi, cheti mkononi. Mimi Kiingereza nilikisoma miaka mingi, lakini okei ya “siondoki” nilifundishwa siku ile.