Vijiji Vilivyonikimbia Njia ya Handeni

Habari ilinifikia Korogwe, kwenye baraza nilipoweka cherehani yangu. Ilikuwa enzi ya Mdachi, garimoshi la Tanga lilikuwa limekwisha kuzoeleka, nami nilikuwa nikishona nguo za kaki za watu wa stesheni. Muuza tumbaku aliyetoka Handeni aliniletea neno la dada yangu Mwanahawa, anayekaa Kwamgaya, kijiji cha mwisho kabla ya kuanza mbuga za Wamasai. Binti yake Zuhura amechumbiwa na kijana wa Nguu. Wazee wa mume wamekwisha kufika, na wananingoja mimi.

Kwetu Wazigua, baba humlea mtoto, lakini neno la kumwoza hutoka kinywani mwa mjomba. Zuhura hana mjomba mwingine. Nisipofika kabla ya sala ya Ijumaa, Wanguu watarudi kwao kupanda, kwa kuwa mvua zilikuwa karibu, na posa itakuwa imevunjika. Tena mwaka ule hakuna mwanamume aliyependa kukaa sana upande wa Handeni. Watu wa akida, mkubwa wa eneo aliyewekwa na Mdachi, walikuwa wakipita vijijini kuhesabu nyumba kwa ajili ya kodi, na kukusanya wanaume wa kupelekwa mashamba ya mkonge na kazi ya barabara. Habari hizo nilikuwa nikizijua, lakini kama mtu wa mjini anavyojua habari za mvua ya mbali.

Jumatano alfajiri nilivaa koti la kaki nililojishonea kwa vitambaa vilivyosalia, lenye mifuko minne, pamoja na viatu. Mke wangu alinitazama akauliza, "Baba Hamisi, unakwenda kuoza au kukamata?" Nikamwambia njia ya Handeni ina miiba. Usiku kucha sikuwa nimelala; sikuwa na nafasi ya mzaha.

Darajani nilimkuta Mihambo, Mnyamwezi aliyemaliza mkataba wake shambani na sasa anarudi kwao kwa miguu. Suruali yake niliwahi kuitia kiraka. Wanyamwezi na sisi ni watani tangu zama za misafara, na mtani husema atakalo, hata huchukua kitu chako, wala hukasiriki.

"Ah, mtani!" alisema akitua mzigo wake. "Mbona unatembea? Mimi niliambiwa umekufa. Nilikuwa nawaza nani atarithi cherehani."

"Nitakuzika wewe kwanza, kwa kaburi fupi, maana Wanyamwezi mmeishiwa miguu kwa kubeba mizigo ya watu."

Basi tukaandamana.

Ng'ambo ya mto, jua likiwa limepanda kidogo, tulifika kijiji cha kwanza. Tangu nilipojifundisha kusoma mwenyewe, nimekuwa na desturi yangu: nikifika mahali nataka kujua jina lake, maji yake, na watu wake. Mama mmoja alikuwa akitwanga. Nilimwuliza, "Mama, hapa panaitwaje? Pana nyumba ngapi? Wanaume wako wapi?"

"Sijui, bwana," alijibu. Aliuegemeza mchi ukutani, akaingia ndani, na mlango ukafungwa. Nikaona ni mama asiye na adabu.

Kijiji cha pili tulikuta kuku, moshi, na bibi mmoja ambaye miguu yake haikumruhusu kwenda popote.

"Shikamoo, bibi. Wanaume wa hapa wako wapi?"

"Marahaba, bwana mkubwa. Walikufa wote."

"Walikufa kwa nini?"

"Njaa."

Nyuma yake chungu cha maharage kilikuwa kikitokota, kikubwa cha kutosha kulisha wavunaji wa shamba zima. Mihambo aligeuka upande akikohoa. Mimi niliona neno lile ni la ajabu, nikaendelea kuhesabu vipaa vya nyumba kwa macho.

Jioni tulifika Sindeni, na hapo pia hatukupata mtu wa kutukaribisha. Tulilala katika kibanda ambacho jiko lake lilikuwa bado na makaa mekundu. Sikupata utulivu. Kila nilipofumba macho nilimwona dada yangu akiwatandikia Wanguu mikeka na kuwaambia, "Anakuja, anakuja."

Alhamisi asubuhi, njiani, nilimlalamikia Mihambo kwamba watu wa kwetu wameharibika, hawasalimii wageni.

Akasimama katikati ya njia. "Mtani, ninyi Wazigua Mungu aliwapa vichwa vya kubebea maji tu? Wanakukimbia wewe! Kule shambani msimamizi akitokea na koti kama hilo, hata panya hatuwaoni. Na wewe huishii kwenye koti, unauliza na nyumba!"

"Mimi ni fundi cherehani."

"Imeandikwa wapi? Mgongoni?"

Nilijiambia kwamba huu ni wakati wa kutayarisha mashamba, huenda watu wako shambani. Hoja hiyo ilinitosha mpaka Handeni.

Karibu na adhuhuri tulipita chini ya boma. Wanaume waliofungwa kamba walikuwa wakivunja mawe ya barabara, na vumbi la mawe lilikuwa limewapaka nyuso hata hukuweza kujua mzee ni yupi na kijana ni yupi. Askari aliyekuwa akiwasimamia aliniona, akaniinulia mkono kwa urafiki.

"Habari za kazi, mwenzangu? Umeleta mmoja tu leo?" Alikuwa akimtazama Mihambo.

Nilisema, "Huyu ni ndugu yangu," nikamvuta Mihambo mkono tukapita. Tulipopinda kona nililivua koti, nikalikunja, nikalitia ndani ya mzigo. Baada ya hapo tulikuwa karibu kukimbia.

Lakini habari haina miguu ya kuchoka. Alasiri tulipoingia Kwamgaya, nyumba zilikuwa wazi na hazina watu. Mwanahawa na Zuhura walikuwa wamekaa kizingitini, wameshikana mikono.

"Kaka?" dada yangu alisema. "Ni wewe?" Akaanza kucheka na machozi yakamtoka. "Tangu asubuhi tunaambiwa anakuja mtu wa akida, kavaa kaki, anaulizia nyumba na wanaume, ana mpagazi wake. Watu wote wameingia porini. Wanguu wamekunja na mikeka yao."

Zuhura, mpwa wangu, hakulia wala hakucheka. "Shikamoo, mjomba," alisema. "Wajomba wa wenzangu huja kuwaozesha. Wa kwangu amekuja kunifukuzia mume."

Neno hilo lilinikaa rohoni kuliko miiba yote ya njia. Niligeuka niwafuate, lakini Mwanahawa akanishika mkono. "Ukiwafuata kwa kukimbia, watafika Nguu usiku huu."

Hapo Mihambo aliufungua mzigo wangu bila ruhusa, akalitoa koti, akalivaa juu ya mgongo wazi, vifungo vikiwa nyuma. Alikwenda mpaka ukingo wa pori akapaza sauti.

"Enyi Wazigua! Enyi Wanguu! Mnamkimbia nani? Akida wenu ni mtia viraka! Aliishona suruali yangu mguu mmoja ukatoka mrefu, nikawa nachechemea mwezi mzima! Tazameni miguu yake, kunguru amevaa viatu! Njooni tumzike kabla hajanuka, mimi nimekwisha kuchukua nguo za marehemu!"

Kisha akaja akanipaka mashavuni majivu ya jikoni, nami nikasimama kama kondoo. Kwanza alicheka mwanamke mmoja mahali tusipopaona. Akacheka wa pili. Halafu matawi yakaachana, akatoka mzee mwenye fimbo, Mzee Mbelwa, mjomba wa bwana harusi, akinitazama kwa makini.

"Ametukanwa na mpagazi," aliwaambia waliokuwa nyuma yake, "amepakwa majivu, na hajampiga mtu. Huyu si wa serikali. Tokeni."

Walitoka mmoja mmoja. Mzee Mbelwa hakunipa mkono bado. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, mama yangu ni wa ukoo gani, na bibi yetu amezikwa wapi. Niliyajibu yote nikiwa na majivu usoni, na aliporidhika akaketi.

Kijana mwenyewe, Sefu, alikuwa amekimbia kuliko wote; alirudi Ijumaa asubuhi, ana mikwaruzo mpaka masikioni. Zuhura alimtazama kupitia upenyo wa mlango akasema, "Angalau nimejua mbio zake." Nilipomwuliza kama yuko radhi, alisema yuko radhi, na akataka aulizwe mara ya pili mbele ya Wanguu ili wasikie vizuri. Baada ya sala nililitoa neno langu. Mihambo alikula kuliko bwana harusi, akaondoka kuelekea magharibi amevaa koti, na kwa desturi ya utani sikuweza kulidai. Nilimsihi tu alivue kila akaribiapo kijiji.

Jumapili niliaga. Kwetu mume mpya hujenga kwanza kwa wakwe, na Sefu na wenzake walikuwa juu ya paa wakiezeka. Njia ya kurudi nilisema kwanza jina langu, kazi yangu, na kwetu, ndipo nikaomba maji. Sindeni walinipa na pa kulala.

Wiki iliyofuata, Korogwe, karani wa akida alileta suruali ya kupunguzwa. Alikaa kwenye kiti changu cha wateja, akavuta tumbaku yake.

"Fundi, nasikia ulikuwa Kwamgaya. Wewe ni mtu wa hesabu. Huko kuna nyumba ngapi?"

Nilikuwa nimezihesabu mara mbili, ya Zuhura ikiwa ndani ya hesabu.

"Sikuangalia, bwana karani," nilisema, nikakanyaga cherehani.