Fundi Aliyetugawia Dhambi

Siku zile za Mwingereza, ukimwambia mtu wa Tabora kwamba wewe ni Mmethodisti, alikuuliza ni kabila la wapi. Wakatoliki walijulikana, Wamoraviani walijulikana, na Waislamu ndio wenye mji. Sisi tuliletwa na reli. Mume wangu alikuwa fundi wa breki za mabehewa, kwao pwani ya upande wa Mombasa, na dini yake alikuja nayo kama mtu anavyokuja na mkeka wake. Mimi nilikuwa Mmoraviani kwa kuzaliwa, nikawa Mmethodisti kwa kuolewa. Mama yangu alipoulizwa mwanawe ameolewa dhehebu gani, alijibu, "La wafanyakazi wa reli," na nadhani hakukosea sana.

Kanisa letu lilikuwa nyumba ya matofali mabichi huko Ng'ambo. Kengele hatukuwa nayo, tulikuwa na kipande cha reli kilichoninginizwa na waya, tunakigonga kwa nyundo. Tena tulisubiri Wamoraviani wamalize kwanza, maana kugonga pamoja nao ilikuwa kama kupiga makofi karibu na ngoma. Lakini sisimulii habari za kengele. Nasimulia habari za darasa.

Darasa kwa Wamethodisti si la kusoma. Lingekuwa la kusoma mimi nisingeingia, kwa sababu nilikomea kitabu cha kwanza, na hata hicho sikukimaliza. Ni watu wachache wanaokutana kila wiki, na kiongozi wao huwauliza mmoja mmoja roho yake inaendeleaje. Unasema shida zako, anakuombea, mnaimba, mnakwenda nyumbani. Kiongozi wetu alikuwa fundi cherehani aliyeshonea barazani pa duka la Mhindi, Mtendeni. Mgane, hana mtoto, mtu wa maneno machache. Wiki nzima makarani walimwita "wee fundi, suruali yangu iko wapi?" Ikifika Alhamisi, siku ya darasa, makarani wale wale walisimama akiingia. Alikuja na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, sijui alisahau kuivua au aliipenda.

Basi mchungaji wetu, Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili cha Mombasa kizuri kuliko cha kwetu, alikuwa akija kwa treni kila baada ya miezi kadhaa. Safari moja akaketi darasani kusikiliza.

"Roho yako yaendeleaje, bibi?" alimwuliza mkongwe wetu.

"Njema, mwanangu."

"Na wewe, bwana karani?"

"Njema, twashukuru."

Akazunguka hivyo benchi zima. Njema, njema, njema kabisa. Alipomaliza akafunga kitabu chake. "Nimepita madarasa mengi," akasema, "sijakuta penye watu wema namna hii. Mnanitisha."

Kisha akamwambia fundi mbele yetu kwamba akirudi akakuta hivi tena, darasa atalifunga, na sisi sote tukasali kwa Wamoraviani. Fundi alishika futi yake kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kamba ya kisima.

Sasa hapa niseme jambo, maana wajukuu zangu hawaelewi nikiwaambia. Sisi tulilelewa hivi: ukiulizwa habari, jibu la kwanza ni njema. Hata kama kuna maiti ndani. "Habari za nyumbani?" "Njema." "Watoto?" "Hawajambo." "Mzee?" "Yupo." Mnakaa, mnakunywa maji, ndipo unasema, "Njema, ila mzee alitutoka jana." Hiyo "ila" haitoki kwa swali la kwanza. Nilimwona mama yangu mwenyewe akipokea wageni wa msiba wa kaka yake, mwangaluka, mwangaluka, mhola, yaani njema, mpaka salamu zikaisha zote ndipo akalia. Mchungaji yeye aliuliza mara moja akahamia kwa mwingine. Angetusubiri, angezisikia dhambi za kujaza behewa.

Fundi hakuliona hilo. Aliona kwamba darasa linahitaji wenye dhambi na yeye hana hata mmoja. Alhamisi iliyofuata akatuambia tujitolee kukiri. Nani akiri ulevi mbele ya karani wa stesheni ambaye kesho atakaa na bosi wako? Basi fundi akafanya alichozoea: akatupima kwa macho, akatukatia kila mtu cha kwake.

Mume wangu alipewa hasira, akaifurahia. Kila mwanaume aliitaka hasira. Karani alipewa kiburi, akashukuru kama aliyepandishwa cheo. Bibi mkongwe akapewa uchoyo.

"Uchoyo? Mimi?" Bibi alisimama. "Nani amepita kwangu akatoka hajala? Wewe mwenyewe Jumapili nimekupakulia wali, ukaomba ukoko!"

"Basi, bibi, chukua kusengenya."

"Kusengenya sawa. Nimsengenye nani? Nipe na mtu kabisa."

Mimi akanipa uvivu. Uvivu! Babu yangu alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa mpaka Bagamoyo, akarudi na mabunda ya vitambaa vya marekani. Bibi yangu naye alikuwa katika msafara ule ule, sufuria kichwani, mtoto mgongoni. Sisi Wanyamwezi unaweza kututukana mengi, tutacheka na watani, lakini uvivu? Nilitaka kukataa. Nikamwona fundi ameishika tena futi yake kwa mikono miwili, nikaumeza.

Tukafanya mazoezi wiki kadhaa. Nakuambia ukweli, tulikuwa wazuri. Karani alikiri kiburi kwa sauti ya kutangaza treni.

Mchungaji akarudi. Tukapanga benchi, fundi akasimama ukutani. Mchungaji akaanza na bibi, kwa heshima ya umri.

"Roho yako yaendeleaje, bibi?"

Bibi akafungua mdomo kusengenya, na ulimi wake ukafuata njia yake ya miaka yote. "Njema, mwanangu. Za huko utokako?"

Likawa limeharibika. Mkubwa akishasema njema, mdogo ataanzaje kusema mbaya? Karani akasema njema. Mume wangu, hasira zake zote hizo, akasema njema sana. Nikaulizwa mimi. Njema.

Mchungaji akamgeukia fundi pale ukutani. "Na wewe, kiongozi? Roho yako?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu nimjue, hakuna aliyewahi kumwuliza fundi. Yeye ndiye muulizaji. Katika kutugawia, yeye mwenyewe hakujibakizia kitu.

"Mbaya," akasema.

Tukatazamana.

"Mbaya, baba mchungaji. Tangu mke wangu afe, nikirudi nyumbani hakuna wa kuniuliza nimekula au sijala. Wiki nzima napima mabega ya watu. Alhamisi tu ndiyo watu hunisubiri. Nikaogopa kunyang'anywa Alhamisi yangu, nikawagawia hawa dhambi waje wakudanganye. Na hata hizo wameshindwa kuzisema."

Ningepaswa kulia. Badala yake nilijisikia nikipiga kelele: "Na uvivu ukanipa mimi! Katika watu wote, mimi!"

"Afadhali wewe!" Bibi akadakia. "Mimi aliniletea uchoyo nyumbani mwangu, ukoko wangu bado uko tumboni mwake!"

"Mke wangu, hebu kaa," mume wangu akasema.

"Nyamaza! Wewe uliyepewa hasira umeiacha wapi leo?"

Karani akasema kwamba watu wasiosoma ndivyo walivyo, na hapo ndipo benchi lote lilipomgeukia. Kila lililokaa kifuani tangu tulipolala njaa tukijenga kanisa lile lilitoka: nani hakuleta matofali, nani alikula hela za sabuni ya kanisa, nani huimba kwa sauti ili asikiwe. Mchungaji aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, nikaona mabega yanacheka.

Tulipochoka, akarudi kwa bibi taratibu. "Roho yako yaendeleaje, bibi?"

"Imechafuka!"

"Ahsante. Tuanzie hapo."

Darasa hakulifunga. Ila kwa kuwa fundi alipanga hila, alimwondoa uongozini mpaka safari yake ijayo, na kiti akanipa mimi. Nikamwambia sijui kusoma, nyimbo zenyewe naziimba kwa moyo. Akasema hakutafuta msomaji, alitafuta mtu asiyeogopa kelele.

Basi Alhamisi nikawa nauliza mimi, na fundi akaketi benchini na wenzake. Mwanzoni alikuwa mgumu. Kisha akafunguka, mama wee! Alianza na upweke, akaingia kwenye mguu unaomwuma, Mhindi anayempunja uzi, ndoto zake, panya wake. Wenzake walipiga miayo, ugali wetu ulipoa majumbani, naye bado anaeleza panya.

Mchungaji aliporudi akamwambia adhabu yake imekwisha, apokee darasa lake. Karani alimsukuma kwa kiwiko asimame. Fundi hakusimama.

"Nikirudi pale mbele," akasema, "nani ataniuliza mimi?"

Kazi ikanibakia mpaka reli ilipomhamisha mume wangu Kigoma.