Kuro Asiyezeeka

Kila asubuhi, kabla hajaongea na binadamu yeyote, Ayubu humsabahi kuro. Akishaswali alfajiri hujimiminia chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, akapanda tuta linalotenga mabwawa ya chumvi na majani, akasimama pale huku mvuke ukimpanda usoni. Kuro naye, yule swala mkubwa wa kando ya maji, huwa ameshafika. Anakula majani ya chumvichumvi upande wa pili, kifua mbele, shingo imejaa manyoya kama mtu aliyejitanda shali, na pembe zake mbili zimepanda juu kisha zikajikunja mbele kidogo, mfano wa mikono ya mtu anayeomba dua.

"Umeamkaje, bwana mkubwa?"

Kuro huinua kichwa, akamtazama, akaendelea kutafuna. Basi Ayubu hupeleka macho kwenye pembe, akazisoma kutoka shinani kwenda juu, pete kwa pete, kidole gumba kikitembea juu ya pingili za vidole vyake kama avutaye uradi. Hesabu ya leo haifanani na ya jana, maana mnyama hatulii. Hilo halimsumbui. Anachotaka kujua ni kimoja tu: mwenzake amezeeka, au bado?

Bado. Kila asubuhi, bado.

Kusoma pembe alifundishwa utotoni, alipokuwa akichunga ng'ombe wa mjomba wake huko Handeni. Ng'ombe jike kila akizaa, pembe yake huacha pete. Mjomba alikuwa akiushika mkono wa mtoto na kuuweka kwenye pembe, "Papasa. Huyu kazaa mara ngapi?" Ayubu akipapasa na kujibu, mara nyingi akapatia. Kwa hiyo alipofika Mkwaja na kumwona mnyama mwenye pete tele kwenye pembe, hakumuuliza mtu. Dume hazai, alijua, lakini pete haziwezi kukaa bure. Akaamua mwenyewe kwamba kwa kuro zinahesabu miaka.

Mkwaja alikuja kwa msimu mmoja. Kazi ya mkonge kwao Pongwe ilikuwa imepungua, mkewe Saleha alikuwa na mtoto anayetambaa, Zuleha, na mtu mmoja akasema kwenye chumvi wanatafutwa watu. Akaaga, akaja. Akakuta mahali ambapo hajapata kupaona hata usingizini. Maji ya bahari huingizwa mabwawani yakalala. Jua huyanywa polepole bila haraka, mpaka asubuhi moja unaamka unakuta yamekuwa meupe. Mchana joto likipanda, nchi hupoteza ukingo wake. Mwenzako anayekomba chumvi bwawa la mbali unamwona anatembea juu ya kitu kisichokuwepo, na reki yake inakwenda na kurudi kimya, kama mtu anayechana nywele za mawingu. Jana na leo zina rangi moja. Ayubu, ambaye Pongwe alikuwa mtu wa pupa, akajikuta anatuama kama yale maji.

Msimu ulipokwisha, Saleha alipiga simu.

"Baba Zuleha, unarudi lini?"

Siku hiyo mbele yake alisimama kuro dume ambaye pembe yake ya kushoto ilikuwa imelegea kwa nje, kama kofia iliyovaliwa upande. Ayubu akajibu kwa mzaha, "Kuna kuro mmoja huku, Mama Zuleha, ndiye mlinzi mwenzangu. Huyu akizeeka akaondoka, na mie naondoka."

Saleha akacheka. Enzi hizo alikuwa anacheka.

Mzaha ukaota mizizi. Miaka ya kwanza Ayubu alikwenda nyumbani kila Idi, akala ubwabwa, akarudi chumvini. Baadaye akawa anatuma kiroba cha chumvi na salamu. Zuleha alipoolewa, ilikuwa wakati wa kukomba, na chumvi haisubiri mvua. Baba yake mdogo ndiye aliyeozesha, kwa idhini iliyotolewa kwenye simu. Ayubu aliisikia hotuba ya nikahi akiwa amesimama katikati ya bwawa, miguu mitupu, kuro akimwangalia. Na kila alipoulizwa atarudi lini, alijibu vilevile, na kwa kuwa kuro hakuzeeka, Ayubu naye hakuona kama ni uongo. Aliona kweli kabisa kwamba muda haujapita.

"Wengine wana visingizio vya maneno," Rafaeli alizoea kumwambia. Rafaeli alikuwa mwenzake wa chumba kimoja, mtu wa masihara, babu yake alikuja pwani kukata mkonge akafia huku. "Wewe Shehe, kisingizio chako kina miguu minne."

"Mwache mwenzangu."

"Mwenzetu! Ndiye mfanyakazi wa kwanza hapa. Alikalia chumvi mbichi ikamganda, mtazame." Akaonyesha lile duara jeupe alilonalo kuro nyuma. "Ila niambie kitu kimoja. Mbona pembe yake ya kushoto siku hizi imenyooka?"

"Imetulia. Hata mtu akikua hutulia."

"Haya," akasema Rafaeli.

Mwezi wa Shaabani mwaka huu, Saleha alipiga simu tena. Hakuuliza lini.

"Sikiliza, bwana. Ramadhani inaingia. Mie nimefuturu peke yangu mpaka sahani imenizoea. Mfungo huu ukiisha hujaja, Idi pili nakwenda kwa kadhi, anitoe kwenye ndoa."

"Mama Zuleha, maneno gani hayo? Kuro..."

"Wee! Huyo kuro nimekuachia. Muoe." Ayubu akasikia jogoo wa Pongwe akiwika nyuma ya sauti yake. Kisha Saleha akasema taratibu, bila hasira, na hapo ndipo Ayubu alipoogopa: "Sina ugomvi na wewe. Nimechoka tu kuwa mke wa simu."

Kwa siku kadhaa Ayubu alitembea na maneno yale. Alitaka kwenda. Usiku aliazimia, na asubuhi alipanda tuta, akakuta kifua kile, pembe zile, na moyo wake ukalegea. Alijisikia kwamba akiondoka kabla ya mwenzake atakuwa amevunja kitu, hajui nini. Pembeni mwa kitanda fuko lake lilikaa limefungwa, likafunguliwa kutolewa shati, likafungwa tena.

Ndipo alipokuja Devota, binti wa kutoka milima ya Lushoto, ametumwa na watu wa hifadhi kuwaangalia kuro wa ufukwe ule: madume wangapi ni wazee na wangapi vijana. Alimkuta Ayubu juu ya tuta na kikombe chake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Huyo unayemtafuta yuko mbele yako. Mkongwe kuliko wote."

Devota aliinua darubini, akatazama kwa muda mrefu. Kuro alitoa harufu yake ya mafuta ya taa, akageuza shingo kana kwamba anajua anapigwa picha.

"Mkongwe?" akasema. "Huyu ni kijana mwenye nguvu zake, baba. Nakisia miaka saba, minane. Naweza kukosea kidogo."

Ayubu akacheka kwa upole, kama achekavyo mtu mzima na mgeni. "Hesabu pete."

"Pete za kuro haziendi kwa mwaka. Zinaota tu pembe inavyokua." Akampa darubini, akasimama nyuma yake amwelekeze. "Dume mdogo ana vijiti viwili vilivyonyooka. Kisha zinarefuka, zinapinda, mpaka anapokuwa mtu mzima. Akishafika hapo zinaanza kulika. Pete za mbele zinasuguliwa, shina linakuwa laini, ncha zinakuwa butu. Ukimtafuta mzee, tafuta pembe zilizochoka. Sasa tazama za huyu."

Ayubu hakuwahi kumwona kwa karibu namna ile. Pete zilisimama kali kama matuta mapya. Ncha zilikuwa nyeusi, zimechongoka.

"Nilipokuja hapa alikuwa dume mzima tayari," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Mwanangu alikuwa anatambaa."

"Sasa yuko wapi?"

"Pongwe. Ana mtoto wake. Anatambaa."

Devota akaona kuwa hapa haongelewi kuro peke yake. "Basi siye yule, baba. Kuro haishi miaka yote hiyo. Dume akichoka kijana humtoa, na yule kijana husimama palepale, kwenye majani yaleyale. Palipomfaa wa kwanza panamfaa na wa pili. Huyu huenda ni wa tatu."

"Si nilikwambia!" Rafaeli alikuwa bwawani chini yao, amesimamisha reki. "Pembe ya kushoto! Nilikwambia imenyooka, ukasema imetulia!" Kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha mzaha. "Shehe, kuna fuvu kule nyuma ya mikandaa. Nimelipita zamani nikitafuta kaa. Sikutaka kukwambia."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unamsalimia huyu kila siku. Ningesemaje?"

Wakaenda wote watatu, maji yalipokuwa yametoka. Nyuma ya mikandaa, ile mikoko ya ufukweni, ardhi iliinuka kidogo, na fuvu lilikuwa limelala kwenye majani makavu, jeupe kama lililotoka bwawani. Nondo, wale vipepeo wa usiku, walikuwa wametaga kwenye pembe, na nyumba za viwavi wao zimechomoza nje kama vidole vidogo vya udongo, hivyo pembe zilionekana zimeota pembe nyingine. Ya kushoto ililegea kwa nje.

Ayubu akachuchumaa. Akaweka kidole gumba shinani. Hapakuwa na pete pale mbele, palikuwa laini kama mpini wa jembe la mtu aliyelima maisha yake yote. Akapanda na kidole mpaka juu, akakuta ncha imelika, butu, mviringo. Alipapasa kwa namna ileile ya utotoni, macho ameyafumba, na kila alipopita kidole kilimwambia neno moja. Mzee. Huyu alizeeka. Alizeeka pale pale mbele yake, akanyang'anywa majani yake, akaja kulala hapa, na asubuhi yake Ayubu akapanda tuta na kikombe cha chai, akamwambia mwingine, umeamkaje bwana mkubwa.

"Nisimchukue?" aliuliza.

"Hairuhusiwi, baba," alisema Devota. "Tumwache."

Wakamwacha.

Mchana ule Ayubu alirudi bwawani akakomba chumvi, kwa kuwa mikono ilikuwa haijui la kufanya. Joto lilikuwa limepanda na nchi imepoteza ukingo. Katika ule weupe alimwona Saleha. Alikuja kama alivyokuja siku zote, kwa kanga ya manjano aliyojifunga siku alipomsindikiza, mashavu yamejaa, Zuleha kiunoni. Alikuwa akimwona hivyo kila mchana kwa miaka yote ile, na alimjibu simu zake akiwa anamtazama huyo. Safari hii akamwangalia kwa jicho la darubini. Mtoto aliyekuwa kiunoni ni mama wa mtu. Basi na huyu aliyembeba ni nani?

Akaegemeza reki, akatoa simu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni ili isiliwe na chumvi.

"Mama Zuleha."

"Naam." Sauti ilikuwa ileile. Sauti haina pete.

"Nakuuliza kitu, usikasirike. Umezeeka?"

Kikatokea kitu ambacho hakukitegemea, kicheko kifupi, kikavu, kama mlango wa zamani unaofunguliwa.

"Swali gani hilo la kumuuliza mtu kwa simu? Macho hunayo?"

"Ninayo."

"Basi usiniulize mie." Akasikika akivuta pumzi. "Goti la kulia halikunji vizuri. Meno mawili yameondoka. Zuleha ananipaka hina, maana mie mwenyewe mkono haufiki nyuma. Yalikuwa yanatokea kila siku hayo, Ayubu, ulikuwa wapi?"

Alimwita kwa jina. Tangu wapate mtoto hakuwahi.

"Nilikuwa hapa," alisema Ayubu.

"Najua."

Simu ikakatika, au aliikata, hakujua. Alisimama kidogo. Bwawa alilokuwa akikomba lilibaki nusu limekusanywa vilima vidogovidogo, na nusu bado limelala sare kama shuka. Siku zote hakuacha bwawa nusu. Akatoka majini, akapanda tuta, akaanza kutembea kuelekea inakopita barabara ya Pangani, njia ya kurudi Pongwe.

Rafaeli alidhani anakwenda kunywa maji. Alipoona amepita mlango wa chumba, akapaza sauti, "Shehe! Wapi tena? Fuko lako!"

Ayubu alinyoosha mkono bila kugeuka. Chumvi ilikuwa imemkaukia miguuni mpaka kwenye magoti, na kila hatua ikapasuka kidogo, ikadondoka. Upande wa majani kuro aliinua kichwa, na Ayubu akapita. Joto likamchukua polepole, kwanza miguu, kisha kiuno, mpaka Rafaeli aliyekuwa amejikinga macho kwa kiganja akaona kichwa tu kinakwenda juu ya weupe, na baadaye hata hicho hakukiona.

Jioni Rafaeli alipika ugali wa watu wawili, akangoja mpaka ukapoa.