"Sikai kitini," asema Mama Vyungu, tabibu wa mimea iliyolegea

Saa mbili asubuhi, Mama Vyungu amesimama chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne. Lifti imekufa. Begani ana mfuko wa udongo, mkononi fimbo, na nyonga yake ya kushoto imeunganishwa kwa chuma. Anavuta pumzi, anaanza kupanda.

"Usinishike," anamwambia mwandishi aliyenyoosha mkono. "Ukinishika leo, kesho nitakungoja."

Ghorofa ya juu anaishi fundi saa mstaafu aliyefiwa na mkewe. Ameacha mlango wazi. Karibu na dirisha kuna mmea wa majani mapana, umeinama wote kama nguo zilizolowa kwenye kamba.

"Umechoka," anasema mzee. "Kama mimi."

Mama Vyungu anachomeka kidole kwenye udongo, anakitoa, anakinusa. Anajaribu kunyanyua chungu; ni kizito kama jiwe.

"Mzee wangu, unaumwagilia mara ngapi?"

Mzee anaona haya. "Ulikuwa wa mke wangu. Kila nikimkumbuka, nauwekea kikombe cha maji."

"Basi unamkumbuka sana. Huu mmea unazama."

Mzee anacheka mpaka anapaliwa, kisha anageukia dirishani na kujifuta macho.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, anaeleza mama huyo wa miaka hamsini na tisa. Mtu akiona jani limelegea, anakimbilia jagi. Lakini jani hulegea kwa kiu, na hulegea vilevile mizizi ikioza kwa maji mengi, kwa sababu mzizi uliooza hauwezi kunywa tena.

"Kwa macho yanafanana kabisa. Ndiyo maana siulizi jani, nauliza udongo," anasema. "Ukiwa mkavu na umejitenga na kingo za chungu, hiyo ni kiu. Tumbukiza chungu kwenye beseni la maji, kinywe kutoka chini mpaka udongo wa juu ulowe, kisha kiache kichuruzike. Lakini ukiwa umelowa na unanuka kama tambara lililosahauliwa ndooni, ukiongeza maji unaua."

Anaulaza mmea juu ya gazeti na kuuchomoa. Mizizi mingi ni myeusi, inachunika kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Chungu, kizuri cha kauri, hakina tundu hata moja chini. Anatoa kisu.

Mzee anamshika mkono. "Usikate, binti yangu. Hiyo mizizi aliiotesha yeye."

"Najua. Lakini hii nyeusi inaiua ile nyeupe. Nikiiacha kwa kukuonea huruma, utaniita tena nije kubeba mti mkavu. Chagua."

Mzee anamwachia. Anakaa, anatazama pembeni wakati kisu kinafanya kazi. Mama Vyungu anapunguza na majani kadhaa, ili mizizi michache iliyobaki isielemewe, anauhamishia kwenye chungu chenye matundu na udongo mpya uliochanganywa na mchanga. Anausogeza penye mwanga, mbali na jua kali. Mbolea, anaonya, isiguswe kwa sasa.

"Na maji usitie mpaka kidole kitoke kikavu. Umesikia, mzee?"

"Nimesikia."

Ukali huo hakuzaliwa nao. Kwa miaka mingi alitunza mimea ya ndani katika hoteli moja kubwa, kazi aliyosomeshea mabinti wawili. Siku moja, akipunguza matawi ya mmea ulioning'inia ukumbini, ngazi iliteleza naye. Alipozinduka alikuwa wodini.

Meneja alikuja kumjulia hali. Alileta shada la maua, na habari kwamba nafasi yake amepewa mwingine.

"Maua yenyewe ya plastiki!" anasema, akipiga paja. "Mimi, kuniletea maua ya plastiki! Nilisahau maumivu kwa hasira. Nikamwambia ayarudishe, ofisini kwake yatafaa zaidi."

Nyumbani alikuta vita vingine. Binti yake mkubwa, muuguzi, alimwekea kiti chenye mto barazani na kumwambia sasa apumzike, watamlisha.

"Nilikaa asubuhi moja," anasema. "Nikaona kila anayepita ananisalimia kwa sauti ya msibani. Nikanyanyuka. Sikai kitini kusubiri siku zangu."

Alichukua kigari cha kusukumia watoto ambacho wajukuu walishakiacha, akapakia vyungu, akaanza kugonga milango ya watu. Kipato hakifiki kile cha hoteli, lakini hadaiwi kodi ya nyumba, na hakuna anayemwambia akae.

Isipokuwa binti yake. Mama yake alipoteleza tena, safari hii kwenye lami iliyolowa, muuguzi alikifungia kigari stoo na ufunguo akaondoka nao kazini. Mama Vyungu akatupia mfuko begani, akatoka kwa miguu.

Wiki mbili baada ya matibabu ya ule mmea, fundi saa akapiga simu, sauti imepanda. Majani yanadondoka. "Umeniulia," alisema, na binti mkubwa, aliyekuwa karibu, akasikia.

"Mama, mwache. Kwa umri huo ugombezwe kwa ajili ya majani?"

"Kanituhumu nimeua. Nikikaa hapa nitakuwa nimekiri."

Akaondoka. Binti akamfuata nyuma akinung'unika, ameapa kumrudisha.

Mzee aliwapokea mlangoni bila kuwakaribisha. Sakafuni palikuwa na majani ya njano. Mama Vyungu aliyapita, akachomeka kidole, kikatoka kikavu. Akaminya shina, lilikuwa gumu. Akamwita mzee asogee.

"Hayo yaliyoanguka yalishakufa siku ile nilipokuja, yalikuwa yanasubiri tu kudondoka. Tazama ya juu. Yameinama?"

Mzee alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu, kwa makini ya mtu aliyezoea vitu vidogo. Majani ya juu yalikuwa yamenyanyuka, yametandazwa kuelekea dirishani. Katikati yake jani jipya lilikuwa linachungulia.

"Siku hizi zote sijauwekea maji," alisema taratibu. "Mkono unakwenda kwenye kikombe, naurudisha. Sasa nikimkumbuka nifanye nini?"

Aliyejibu ni binti wa Mama Vyungu. Alivuta kiti, akakaa.

"Tusimulie habari zake, babu," alisema. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Waliondoka mchana. Wakishuka, binti alisema kigari atakirudisha, ila mama asibebe tena mifuko ya udongo.

"Nakupa ruhusa nusu tu, Mama."

"Ruhusa? Niliomba lini?"

Wote wawili walicheka mpaka wakasimama kushika ukuta.

Sasa Mama Vyungu anataka chumba cha mbele sokoni, kilichokuwa cha kinyozi, chenye dirisha pana na bomba la maji. Huko watu wataleta mimea iliyolegea, na wanaotaka kujifunza watafundishwa wakiwa wamesimama, mikono kwenye udongo.

Juzi alikwenda kukiona. Mwenye nyumba aliitazama fimbo, akamtazama na yeye, akauliza mume wake yuko wapi, au kaka, mtu mzima wa kumdhamini.

Mama Vyungu aliegemeza fimbo ukutani na kunyoosha mikono yote miwili mbele yake, kucha zikiwa nyeusi kwa udongo.

"Wadhamini wangu ni hawa," alimwambia. "Jumatatu wanaanza kupaka rangi. Ufunguo uko wapi?"