Korongo la Kimya

Nilikuwa na miaka tisa na ubishi wa watu wazima watatu. Mimi na mdogo wangu Mwanaidi tulilelewa na Bibi, mzaa mama, kule milimani Usambara. Kila tukienda sokoni tulipita Korongo la Kimya, pahali njia inapobana, chini shimo, ng'ambo mwamba mtupu. Ukungu ukishuka pale, huoni hata vidole vyako.

Wazee walisema korongo lina mwenyewe. Akisikia jina la mtu hulichukua, kisha humwita kwalo mpaka amfuate.

"Hapa haitwi mtu," Bibi alituambia kila safari. "Ukipotezana na mwenzio, kaa chini, funga mdomo. Nitakuja mimi."

Mimi nikataka kujua kama ni kweli. Asubuhi moja ukungu umetanda, Bibi katangulia na tenga la mapea kichwani, nikauachia mkono wa Mwanaidi makusudi. Alikuwa na miaka mitano. Nikarudi nyuma hatua chache, nikaita, "Mwanaidi!"

Jina likarudi kutoka ng'ambo, kwa sauti yangu mwenyewe. Halafu nikasikia vihatua vyake vikielekea huko huko. Nilikuwa nafungua mdomo niite tena, nimzuie, Bibi akatokea akaniziba kwa kiganja. Akatua tenga, akapiga magoti, akaanza kutambaa akipapasa majani. Nilijikojolea pale nilipokaa, na sioni haya kusema.

Alirudi kamkamata Mwanaidi kwa pindo la gauni, limechanika.

"Alikuwa ukingoni kabisa," Bibi alisema, anahema. "Nani aliachia mkono?"

"Yeye," nikasema. "Kauchomoa mwenyewe."

Mwanaidi akachapwa. Alilia tu, hakunikanusha.

Leo sote tuko London, tunalea wazee wa watu kwa shifti. Najua mwangwi ni nini, na kwa miaka nimeutupia lawama zote. Lakini majira ya baridi yaliyopita tulitoka kazini asubuhi, ukungu umeufunika mtaa wetu wote wa Rayners Lane, na Mwanaidi, mama wa watoto wawili, akanishika mkono. Nikashindwa kuvumilia.

"Siku ile ni mimi niliyekuachia."

"Najua, dada. Nilisikia vidole vyako vikifunguka."

"Sasa mbona uliifuata ile sauti?"

Akanitazama, kama anashangaa naulizaje.

"Si ilikuwa sauti yako?"

Zamani nilidhani wazee wetu waliogopa shetani wa korongoni. Siku hizi nadhani walimwogopa zaidi mtu unayempenda kiasi cha kumfuata bila kuona. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaishia kuukaza mkono wake. Tukaenda hivyo hivyo mpaka stesheni, na hata kwenye mageti ya tiketi, watu wamejipanga nyuma yetu wananung'unika, mkono wake sikuuachia.