Taa ya Kushoto

Siku yangu ya kwanza kwenye gereji ya serikali pale Kibiti, enzi za Mwingereza, nilifika nusu saa kabla geti halijafunguliwa. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi, cheti nimekifunga gazeti, halafu kitambaa, halafu gazeti tena. Njia nzima nilikuwa nikiwaza: nikikitoa mapema wataona najisifu, nikichelewa wataona nimekisahau. Hakuna aliyekiuliza. Fundi Mkuu, Mzee Ngwele, Mndengereko mfupi mwenye sauti ndogo, aliitikia shikamoo yangu, akaniangalia viganja, akasema, "Majaribio miezi mitatu. Baada ya hapo ama upo, ama haupo."

Nyumbani walikuwa wamenisomea dua kwa kupata kazi hiyo. Kurudi bila kazi nilikuona kama kurudi bila nguo.

Ninyi vijana wa leo mnabadilisha taa nzima kwa dakika chache. Wakati wetu taa ya mbele ya landrova ilifunguliwa kwa hatua: unalegeza skrubu, unatoa ringi, kioo, na mpira wa kuzuia maji, ndipo unaifikia rifleta, ile sahani iliyopakwa fedha inayorusha mwanga wa globu mbele. Adui yetu alikuwa chumvi. Gari likitoka Nyamisati, kwenye matope ya mikoko, chumvi hula pale waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, ulipofungwa kwenye bodi, na taa hufifia hata globu ikiwa mpya. Kwa hiyo usikimbilie globu. Kwangua ethi kwanza, paka grisi, ndipo uwashe.

Zilipobaki siku nne majaribio yaishe, nilipewa landrova ya Bwana Misitu, Mwingereza aliyesimamia ukataji wa mikoko. Taa ya kushoto ilikuwa hafifu. Nilikwangua ethi, ikawaka vizuri. Ningeishia hapo. Lakini niliona ukungu wa kijivu ndani ya rifleta, nikawaza kwamba Mzee Ngwele akiuona atasema nimefanya kazi nusu. Kwetu, Idi ikikaribia, mama alisugua sinia za shaba kwa majivu na ndimu mpaka unajiona uso. Nikachota majivu kwenye jiko letu la chai, nikakata ndimu, nikasugua taratibu. Kitambaa kikawa cheusi, nami nikafurahi kuona uchafu unatoka. Kumbe iliyokuwa inatoka ni fedha yenyewe. Nilipomaliza, rifleta ilikuwa ya manjano, shaba tupu. Nikawasha. Mwanga ulikuwa kama wa kibatari.

Nilifunga kila kitu upesi. Mchana taa mbovu na nzima hazitofautiani, na gari lilikuwa la kuondoka kesho. Nikajiambia asubuhi nitatafuta rifleta stoo kimyakimya. Saa kumi na moja jioni ikaja habari kwamba Bwana Misitu anaondoka sasa hivi: wakataji wa Maparoni, huko deltani, wanamsubiri, na mashua itatoka Nyamisati na maji ya alfajiri.

Mzee Ngwele akanijia. "Taa umezipima ukutani?"

Kupima ni kusimamisha gari hatua kumi mbele ya ukuta wenye mstari wa chaki, ukafunika taa moja kwa gunia, na nyingine ukaisogeza kwa skrubu mpaka mwanga ukae chini kidogo ya mstari. Sikuwa nimefanya hata kimoja.

"Nimezipima, Mzee."

"Vizuri. Panda."

Nikamuuliza nipande wapi.

"Mbele. Hapa aliyefunga taa au breki hupanda safari ya kwanza. Hukuambiwa kwa sababu hujawahi kufunga kitu cha kuua mtu."

Nikabanwa katikati, Bwana Misitu kushoto kwangu, kulia dereva Mbwana, mtu wa Maparoni aliyependa utani. "Karibu, Bwana Cheti," akasema. "Tuta la barabara likimeguka chini yetu uniambie kwa Kiingereza, Bwana naye asikie." Akawasha gari, na tukielekea getini akaanza kunieleza lile tuta linalokatiza mashamba ya mpunga, namna mvua zilivyolila ukingo wa kushoto. "Juzi nimepita kwa upana wa kidole. Pale mimi situmii macho yote. Naifuata taa ya kushoto tu."

Geti lilikuwa limeshafunguliwa.

"Simamisha gari," nikasema.

"Umesahau cheti?"

"Taa ya kushoto nimeiharibu. Sikuipima. Nimemdanganya Mzee."

Mbwana akazima injini. Hakutania. Bwana Misitu alitazama saa yake. Mzee Ngwele alikuja polepole, akafungua ringi, akapitisha kidole gumba kwenye rifleta.

"Majivu?"

"Majivu, Mzee."

"Na ndimu?"

"Na ndimu."

"Mama yako angefurahi."

Stoo hapakuwa na rifleta. Akaniamuru nihamishe ile nzima ije kushoto, iangalie ukingo, na hii ya shaba iende kulia, anayekuja ajue tu kwamba mbele yake kuna gari na si pikipiki. Tulipima ukutani jua likizama. Bisibisi iliniteleza, ikachuna ringi. Nilipomaliza nikarudi nyuma, nikingoja kufukuzwa.

"Panda," akasema.

"Bado nipande, Mzee?"

"Kazifunga nani?"

Kwenye tuta Mbwana alikwenda mwendo wa miguu. Mahali pamoja nilisikia udongo ukimeguka chini ya gurudumu, na katika mwanga ule mmoja nikaona ukingo ulipoishia na maji yalipoanzia. Mbwana aliuona pia, akakata kulia. Tulifika Nyamisati kabla ya maji ya alfajiri.

Sikufukuzwa. Mzee Ngwele aliniongezea majaribio miezi mitatu mingine, akaitundika ile rifleta ya manjano juu ya meza yangu ya kazi. Baadaye nilihamishiwa Ikwiriri, nikawa fundi mkuu mwenyewe, na kila niliyemwajiri alipanda safari ya kwanza.

Nimestaafu nikiwa na swali moja. Pale getini, nilimwogopea Mbwana au nilijiogopea mwenyewe? Kama nisingepandishwa, ningesema? Nimelizungusha miaka yote hii. Ndiyo maana vijana wangu sikuwahi kuwauliza kama ni waaminifu. Niliwafungulia mlango wa mbele wa gari.